Bi Mkubwa na Maji Yasiyo na Doa

Alipitisha kiganja juu ya tangi. Kivuli kikampita chaza, naye hakujifunga kama kawaida yake. Akarudia. Wapi!

Mama Dekio, kama alivyotaniwa ukweni kwa kupenda usafi, aliinama karibu na kioo. Chaza yule, Bi Mkubwa, alikuwa mboni ya jicho la baba mkwe wake. Mzee alimlea miaka kumi na minane pale sebuleni, kati ya matumbawe na samaki sita, na siku ya kwenda kupasuliwa hakumwachia mwanawe wa kumzaa. Alimwachia yeye. "Wewe ndiye mwenye mkono," alimwambia. Zilibaki siku nne mzee arudi, na Bi Mkubwa amepauka, ameachama tu.

Na alivyojituma, maskini! Maji alibadilisha kila baada ya siku mbili, kioo akasugua, mashine ya povu ikanyonya uchafu usiku na mchana. Samaki aliwaonjesha chakula tu, wasije wakachafua. Sasa akampigia simu fundi wa matangi.

"Nitrati ya uchafu wa samaki inasoma ngapi?" fundi aliuliza.

"Sifuri! Maji yangu hayana hata chembe," alijibu kwa fahari.

Fundi akaguna. "Dada, umemshindisha njaa. Anajilisha kwa mwanga, lakini peke yake haumtoshi, anahitaji na uchafu kidogo wa samaki. Punguza hiyo mashine, lisha samaki. Lakini polepole, ukizidisha utammaliza."

Loo! Kumbe usafi wake ndio uliokuwa unamuua. Alilisha samaki, akapima maji asubuhi na jioni, akapitisha kiganja. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu alimwaga ndoo nzima sakafuni kwa kiwewe.

"Tununue mwingine," mumewe alinong'ona. "Mzee hatajua."

"Baba yako anajua madoa yake yote! Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Niache."

Siku ya nne mzee aliingia na mkongojo wake, macho moja kwa moja kwenye tangi. Mama Dekio alikuwa bado ameshika kikombe cha kupimia, na maji yanamdondoka miguuni.

"Baba, nimemharibu Bi Mkubwa," alisema hata kabla ya shikamoo. "Nimesafisha mno. Nimemnyima chakula kwa mikono yangu mwenyewe."

Mzee alisogea kwenye tangi. Aliinama, kivuli chake kikamfunika chaza. Hakuna kitu. Mama Dekio akafumba macho, asione.

"Tazama," mzee akasema.

Ukingo wa chaza ulitetemeka. Kisha magamba yakaanza kufungana, taratibu, shingo upande.

"Amenuna huyo," mzee akasema. "Maiti hainuni, mwanangu."

Mama Dekio alikaa sakafuni, palepale penye maji, akalia. Dekio lilikuwa limeegemea ukuta karibu yake, wala hakulitazama.