Wimbo Hauulizwi Mwenyewe

Crispin alikuwa katibu wa tawi la chama, na katika kijiji chao cha ufukweni, kusini ya Lituhi, hakuna aliyeujua msimamo wa serikali kuhusu ziwa kumzidi yeye. Mpaka unapita katikati ya maji, haupiti mchangani. Yule mkubwa wa ng'ambo anayedai ziwa zima ni lake, na aendelee kuota. Na mpaka ugomvi huo utulie, agizo lilikuwa kwamba mashua zisivuke, wa huku wasiende Nkhata Bei ng'ambo, na wa kule wasipokelewe. Aliyatangaza hayo mkutanoni, jasho likimchuruzika ndani ya koti, na watu wakamsikiliza bila neno. Masikini Crispin, aliudhani ukimya ule ni kukubali.

Mkewe Hilaria, mama wa binti yake Ida, hakunyamaza, ila yeye alisemea jikoni. Dada yake Matilda ameolewa ng'ambo, na wakati ule alikuwa na mimba kubwa baada ya kuharibikiwa mbili. Mama yao alikwisha kufa. Nani atamkanda akijifungua? Hilaria alimwambia mumewe kwamba serikali haikukosea kudai maji, imekosea kufunga njia. Crispin alimjibu kuwa mke wa katibu hana dada ng'ambo. Siku nyingine alipolirudia jambo hilo, Crispin aligonga meza na kumwambia asimtafutie ubaya na wakubwa. Hilaria akaendelea kumenya muhogo wake, na mume akaona yamekwisha.

Basi sasa tumtaje Emilian, maana Crispin hakuwa na siku ya kupita bila kumtaja moyoni. Emilian alikuwa seremala, tena kapteni wa mganda, ile ngoma ya wanaume wa ufukweni inayochezwa kwa mistari kama askari, kaptula nyeupe na soksi ndefu. Alikuwa na mabega mapana na sauti iliyofika mbali bila kujitahidi. Zaidi ya hayo, alikuwa amepeleka posa kwa kina Hilaria kabla ya Crispin. Mzee wa Hilaria alimkataa kwa sababu Crispin alikuwa na darasa la nane la misheni, na Emilian alikuwa na randa na msumeno tu. Kwa hiyo Crispin alishinda. Lakini mshindi huyu alikuwa akimwangalia mkewe kila Emilian anapopita njiani, na mkewe asipogeuka, alijiuliza kwa nini hakugeuka. Waswahili wamesema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Crispin alikonda mpaka mkanda wake ukatobolewa tundu jipya.

Baada ya mavuno kijiji kikacheza. Ngoma kubwa ikalia, vibuyu vikapulizwa, vijana wa Emilian wakaingia uwanjani wakiinua magoti pamoja. Crispin aliketi kwenye kiti cha mbele, kama ilivyompasa katibu. Kisha Emilian akainua mkono, ngoma ikapungua, naye akaimba wimbo mpya kwa Kinyasa. Maneno yake yalikuwa hivi:

*Baba, umegombana na jirani,*
*mbona umenifungia mimi ndani?*
*Maji ukiyagawa yanagawika,*
*dada yangu nitamgawa vipi?*

Uwanja mzima uliitika. Wazee waliokuwa kimya mkutanoni waliitika, hata wajumbe wa tawi waliitika. Wimbo ulirudiwa mpaka vumbi likawafika magotini. Halafu Hilaria akatoka katika kundi la wanawake, akaingia uwanjani kwa mwendo wa kucheza, akampangusa Emilian jasho usoni kwa ncha ya kanga yake.

Ni desturi. Mchezaji aliyekupendeza hupanguswa jasho, na siku hiyo hiyo bibi mmoja asiye na meno naye alimpangusa Emilian, tena mara mbili. Crispin hakumwona bibi. Aliuona mkono wa mkewe, na uso wa mkewe uliokuwa uking'aa kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwake, hata siku ya harusi. Angeweza kusema ameudhika kwa ajili ya serikali, na hivyo ndivyo alivyojiambia, lakini serikali ilikuwa mbali sana na kiti chake wakati ule.

Kesho yake alipanda lori la samaki mpaka Mbinga, akaingia ofisini kwa Bwana Adinani, afisa aliyeletwa kutoka Kilwa, mtu mpole asiyependa baridi ya huko juu. Crispin alimweleza kwamba kuna seremala, mama yake ana ukoo ng'ambo, anaimbisha watu dhidi ya serikali. Adinani alimuuliza kama ana hakika. Crispin akasema ana hakika. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mgeni angesamehewa, na yeye hakuwa mgeni. Amekulia kwenye ngoma zile. Tangu enzi za mababu, mwenye uchungu wa kumwambia mkubwa huutia katika wimbo, wimbo humpa mwimbaji, na mkubwa huusikia akiwa ameketi na pombe yake mkononi. Hakuna aliyewahi kuuliza umetoka kwa nani. Crispin alilijua hilo, na bado aliyachukua maneno ya uwanjani akayapeleka ofisini, mahali ambapo kila neno ni lazima liwe na mwenyewe.

Haukupita muda Adinani akashuka na Landrova. Watu walikusanywa shuleni. Aliwasalimu wazee shikamoo zao, akaketi, akasema amesikia kuna wimbo, naye angependa kujua ni wa nani.

Emilian alisimama. Alisema ameuimba yeye.

"Sikuuliza aliyeuimba," Adinani alisema. "Nimeuliza nani aliyeutunga."

"Kwetu wimbo wa ngoma hauulizwi mwenyewe, Bwana Afisa. Ukishaingia uwanjani ni wa uwanja."

Adinani alikuna shingo. Inaonekana hakuipenda kazi ile, lakini alikuwa na mkubwa wake Songea, na mkubwa huyo hangetosheka na jibu la uwanja. Akasema, kama hakuna mwingine, itabidi mwimbaji apande gari akajieleze Mbinga. Emilian alimkabidhi mwenzake kofia yake ya kapteni, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Crispin alijiona mwepesi. Alijitahidi asitabasamu, na akageuza shingo kutafuta uso wa mkewe, aone kama unalia.

Haukuwa ukilia. Hilaria alikuwa amekwisha kusimama.

"Mrudishe, Bwana Afisa," alisema. "Maneno ni yangu. Yeye kapewa tu."

Chumba kizima kikageukia kiti cha katibu. Adinani akamuuliza mama huyo ni nani, na mtu mmoja nyuma akajibu, kwa raha isiyofichika, kwamba ni mke wa katibu.

Adinani alimruhusu aseme. Hilaria alieleza habari za Matilda kwa ufupi, kisha akaendelea bila kupandisha sauti. Alisema Mwingereza alikuwa rafiki wa nchi hii, lakini alipowaachia walowezi Rodesia, serikali ilimwambia wazi kwamba amekosea, ikavunja naye uhusiano, na msaada wake ukapotea. Katibu mwenyewe aliwasomea habari hiyo, nao wakapiga makofi.

"Tulifundishwa kwamba rafiki akikosea aambiwe," alisema. "Sasa serikali ni rafiki tu, au ni yetu? Kama ni yetu, mimi naisema zaidi. Ya ng'ambo sina haja ya kuisema, si yangu."

Hakuna aliyeshangilia. Bibi asiye na meno aliitikia kwa sauti ndogo, kama aitikiavyo kanisani.

Adinani akamgeukia Crispin na kumuuliza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake mlango wa kutokea.

"Katibu, maneno haya hukuwahi kuyasikia nyumbani kwako?"

Akisema ameyasikia, ataulizwa kwa nini alimpeleka seremala mbele na kumficha mkewe, na labda ukatibu uishie pale pale. Akisema hakuyasikia, mkewe ataonekana mwanamke anayemzunguka mumewe kwa mwanamume mwingine. Hilaria alikuwa akimtazama. Hakuwa akimwomba kitu.

"Sijawahi," Crispin alisema.

Hilaria akaketi. Hakumkanusha. Adinani akamwachia Emilian, akasema suala la akina mama wenye ndugu ng'ambo atalifikisha Songea, na mpaka jibu lije wimbo usiimbwe. Landrova ikaondoka. Jioni ile watoto waliuimba kisimani.

Mume na mke walirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, mume mbele, mke nyuma. Crispin alikuwa akitafuta kosa la kumshika nalo. Ingekuwa ni mapenzi, angejua pa kuanzia, maana ugoni una faini yake na wazee wanajua kuuamua. Lakini mkewe hakumpa Emilian kitu cha aina hiyo. Alimpa uchungu wake na fikira zake, na zile zilimwuma Crispin kuliko kama angewakuta kitandani. Mwisho alisimama, akashindwa kujizuia.

"Kwa nini ukampelekea yeye?"

Hilaria alisimama pia, akajifunga kanga vizuri. Alionekana amechoka, na hakuwa na hasira.

"Nilianza na wewe, Baba Ida," alisema. "Mara mbili."

Akampita, akatangulia kwenda kuwasha moto.