Vidonge vya Mama Noela

Goti la Bibi Mwanaheri lilivimba siku tatu kabla ya mdogo wangu Naima kutolewa ndani. Bibi ndiye kungwi wa mtaa wetu, Temeke. Mwali asipotolewa na yeye, watu husema bado. Mie ndiye ninayempa dawa zake za moyo, na ile ya kuzuia damu isigande, kila siku saa kumi na mbili jioni.

Jirani yetu Mama Noela, karani, akaja na vidonge viwili, vingali ndani ya kipande cha pakiti alichokikata kwa mkasi, kisicho na jina.

"Shikamoo Bibi. Hivi nilipewa nilipong'oa jino. Shavu lilikuwa hivi! Siku mbili likanywea."

"Marahaba mwanangu. Shamimu, maji!"

Maji nikaleta, vidonge nikavishika. "Nikaulize kwanza."

Mama Noela akacheka. "Uulize nini, na mie nimeandikiwa na daktari? Hivi uliishia la ngapi?"

"La saba, dada. Ila kliniki nilikuwepo mie. Walisema asimeze kitu kipya bila kuuliza. Kile kipande chenye jina unacho?"

Akakitoa kwenye pochi, mdomo kaubinua. Bibi naye akafoka, "Mwali atatolewa na nani? Na wewe?"

Nikafunga vipande vyote kwenye pindo la kanga, na kadi ya kliniki, nikaenda duka la dawa. Mfamasia akaviunganisha pale mkasi ulipopita, akasoma jina, kisha akasoma kadi.

"Hivi ni vya kimeng'enya, vya kupunguza uvimbe. Mwenye jino, sawa. Bibi yako akichanganya na hii ya damu, anaweza kuvuja damu. Na goti alipeleke kliniki leo leo. We ni nesi?"

"Hapana. Namwangaliaga tu."

Kliniki wakampa dawa inayomfaa, wakasema mguu aupumzishe. Siku ya ngoma Bibi alikaa kitini, mguu juu ya kigoda, sauti ile ile. Naima akatolewa, akatoleka.

Mama Noela akaninong'oneza, "Mdogo wangu, nisamehe. Ningemuua bibi wa watu."

Ilipotimu saa kumi na mbili nikapita katikati ya wanawake, kidonge mkononi. Bibi akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Mpisheni daktari wangu," akasema. "Kisichopita mkononi mwake, kooni kwangu hakipiti."

Vigelegele vikapigwa. Safari hii havikuwa vya mwali.