Nafasi za Darasani

Bendi ilikufa kwa sababu Wakili aligawa zamu za solo kwa kufuata matokeo ya mtihani wa kidato cha pili, darasa walilosoma wote pamoja. Aliyekuwa wa kwanza angepiga kwanza, tena kwa kirefu. Wa mwisho angesubiri. Wa kwanza alikuwa Wakili mwenyewe, na kinanda alikuwa amejifunza mwaka mmoja tu kabla.

Wa mwisho alikuwa fundi bomba mmoja waliyemwita Mkia tangu siku zile. Aliacha shule mwaka uleule, akashika spana na saksafoni, na kwa miaka sita alipiga jazi ya kisasa kila Jumapili mchana kwenye mgahawa wa hoteli, yeye na wenzake watatu. Siku Wakili, Mhasibu na Daktari wa Meno walipomjia na vyombo vipya vinavyonuka duka, wakimwita ndugu yetu, kichwa kilimvimba. Akaenda kumwomba meneja awaachishe wale watatu, awachukue hawa aliosoma nao. Meneja alimuuliza mara mbili kama ana akili timamu. Akajibu anazo.

Mazoezi yao yalikuwa vikao. Walichagua mwenyekiti, kisha wakabishania rangi ya tai wiki tatu. Mhasibu alilikuna gitaa la besi kama mtu mwenye upele. Daktari alizipiga ngoma kwa uangalifu, asije akaziumiza. Fundi aliyaona yote akanyamaza, maana kuitwa ndugu na watu wa suti kulikuwa kumemlevya.

Jumapili ya kwanza Wakili alianza kupapasa kinanda kama anayetafuta funguo mfukoni. Dakika kumi, dakika ishirini. Watu wakaanza kuitisha bili na chakula kikiwa bado sahanini. Fundi alimwona meneja amesimama mlangoni, mikono kifuani, akajua kinachokuja. Akainua saksafoni, akaingia.

Vijiko vikatulia. Mama mmoja aliyekwisha kuchukua mkoba wake akakaa tena.

Wakili akafunga kinanda kwa kishindo.

"Mkia, zamu yako bado. Mbele yako kuna watu wawili."

"Watu wamekuja kusikiliza muziki, siyo matokeo yako."

"Ndiyo maana hukumaliza shule. Utaratibu unakushinda tangu zamani."

Mhasibu akatazama viatu vyake, halafu akaanza solo yake, kwa kuwa ndiye aliyefuata. Meneja akazima spika.

Alimwita fundi pembeni, akamweleza kwamba wale wenzake watatu wa zamani wameshapata hoteli nyingine, na huko wana mpiga saksafoni wao. Na yeye meneja, mtu mmoja bila bendi hamhitaji. Nje, wasomi walikuwa wanapanga kikao cha kumjadili kwa utovu wa nidhamu.

Kwa onyesho la nusu saa fundi alitoa Jumapili zake zote, zilizomchukua miaka sita kuzijenga, na wenzake watatu ambao sasa wakimwona wanavuka barabara. Katika nusu saa hiyo, yeye alipiga dakika mbili.