Marufuku Kusema "Wewe"

Mwezeshaji alianza kikao kwa kutukataza kusema "wewe."

Aliliandika neno lenyewe kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, akalikata kwa wino mwekundu, kisha akageuka na kututabasamia. Tulikuwa ofisi ya mtaa, tumebanana kwenye viti vya plastiki, madirisha yamefungwa kwa sababu ya harufu. Harufu iliingia hivyo hivyo. Hata yeye ilimfikia, maana kila akimaliza sentensi alijipangusa pua kwa kitambaa, akijifanya anafuta jasho.

"Anayesema wewe anashambulia," alisema. "Hapa tunasema mimi. Kwa mfano: mimi najisikia vibaya pale ninapokutana na changamoto ya majitaka."

Changamoto ya majitaka! Mavi ya mtaa mzima yanapita mlangoni kwangu, mengine yamekwama kwenye kizingiti, na huyu bwana anayavalisha suti.

Mimi, fundi cherehani, sikufuata semina pale. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa hospitali, amejifungua mtoto wa kike, na wakati wowote angeruhusiwa kurudi nyumbani. Chumba chake ni kile cha mbele, ambacho mfereji unapita chini ya dirisha. Na kwenye mfereji huo ndiko choo cha umma hutapikia kwa bomba kila shimo linapojaa. Msimamizi wa choo ni jirani yetu tunayemwita Marashi, kwa sababu hujipulizia manukato mpaka nzi wanampisha njia. Nilitaka kusikia jambo moja tu kinywani mwake: bomba linazibwa leo. Basi.

Sikuwa naongea naye. Akipita, natema mate. Kumtazama tu kulinitia kinyaa, na lile shati lake jeupe lililonyooka pasi, utafikiri anasimamia benki.

Wa kwanza kuongea alikuwa mama mkwe. Mwezeshaji alimkabidhi kalamu nene, maana asiye na kalamu haruhusiwi kufungua mdomo.

"Marashi," mama mkwe akaanza, "wewe..."

"Mimi," Mwezeshaji akamkatiza.

"Na wewe tena umefanya nini?"

"Hapana, mama. Sema: mimi najisikia..."

Mama mkwe akamkodolea macho. "Mimi nijisikie? Kwa kipi nilicho nacho? Waulize hawa, tangu niolewe mtaa huu nimewahi kumringia nani?"

Watu wakavunjika mbavu. Mwezeshaji hakuelewa. Neno alilikariri huko alikofundishwa, na sisi kwetu anayejisikia ni yule anayepita bila kusalimia watu. Akazidi kujichimbia shimo. "Jamani, kila mtu hapa ana haki ya kujisikia!"

"Basi jisikie wewe kwa niaba yetu," mama mkwe akasema, akamrudishia kalamu, akaketi.

Nilicheka na mimi, lakini roho haikuwa pale. Kalamu ikanifikia. "Mimi najisikia," nikasema, "mimi naona... mimi kuna mavi." Ikachukuliwa mkononi mwangu kwa upole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Marashi, yeye, somo lilimwingia upesi. "Mimi najisikia kuumizwa pale ninapotemewa mate," alisema kwa sauti ya kubembeleza. Mwezeshaji akafumba macho kwa raha. "Na mimi najisikia kuzuiwa na... na hali ya njia." Hapo akanitazama, akanyoosha kidole kwangu. Mwezeshaji akakishusha kidole kile taratibu, akaandika ukutani: hali ya njia. Tukapita.

Tukamaliza hivyo. Maazimio yalisema pande zote zimesikilizana na zitaendelea kusikilizana. Bomba halikutajwa. Tukapigiana makofi, vikaletwa vyakula vya vibokisi, na wapo waliokula, nzi wakitoka mferejini na kutua midomoni mwao. Niliwatazama wakitafuna nikajiuliza sisi ni watu wa aina gani.

Tukatolewa nje kwenda kupiga picha, karibu na nyumba yetu, penye ukuta uliopakwa rangi. Tulipokuwa tunapangwa, warefu nyuma, ikaja bajaji ikasimama. Wifi akachungulia. Ameruhusiwa.

"Huyu ndiye sura ya mradi wetu!" Mwezeshaji akapiga kelele, akamnyooshea mtoto mikono ileile iliyoshinda ikipangusa kamasi. Nikamkinga.

"Usimguse."

"Fundi, kumbuka, tunaanza na mimi..."

"Mimi nitakupiga."

Wifi alikuwa amemfunika mtoto uso kwa mtandio. Alitazama mfereji, halafu akanitazama. "Wameziba, wifi?"

Ningemjibu nini? Kwamba tumesikilizana? Nikamgeukia Marashi, nikasahau karatasi na wino mwekundu. "Wewe! Mwambie mzazi huyu lini unaziba bomba!"

"Nizibe, shimo limejaa, yaende wapi?" Alikuwa ametoka kwenye mstari wa picha, mishipa imemtoka shingoni. "Yarudi yapasue choo?"

"Si uite gari la kunyonya!"

"Linapita wapi? Wewe, fundi! Kibaraza chako! Gari limekuja limerudi, limekuja limerudi! Wewe ndiye uliyeziba njia!"

Nikageuka. Bajaji ilikuwa imesimama pale iliposimama kwa sababu haikuweza kusogea zaidi. Mbele yake kulikuwa na nguzo zangu, na bati langu, na cherehani yangu chini yake, kibaraza nilichokisogeza nje kila nilipopata wateja zaidi. Kati ya nguzo na ukuta wa upande wa pili ungepitisha toroli. Gari, hapana.

"Mbona hukusema mle ndani?" Sauti yangu mwenyewe niliisikia imelegea.

"Ningesemaje? Neno wewe limepigwa marufuku. Na kabla ya leo, nikikusogelea tu, unatema."

Nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Mwezeshaji akaingia katikati yetu, mikono juu. "Ndugu zangu, hoja nzuri sana, tuihifadhi kwa kikao kijacho. Sasa hivi tumalizie picha." Nilimwonea kinyaa ambacho sijawahi kumwonea hata Marashi. Nikampita, nikaingia ndani, nikatoka na nyundo.

Msumari wa kwanza uligoma. Wa pili ukatoka. Mama mkwe alikuwa anavuta cherehani ndani, akiniuliza nitashonea wapi, na nilimwambia aivute tu. Marashi akapiga simu, akasema gari litakuja kesho asubuhi, kisha akaja akashika bati upande wa pili. Manukato yake yalinijaa puani, yamechanganyika na uvundo wa mfereji, mpaka machozi yakanitoka. Tukalishusha.

Bajaji ikageuza kwa shida. Wifi alikuwa anarudi hospitali kumwomba muuguzi amsitiri hadi kesho, mtoto kifuani, bado anatoka damu ya uzazi. Akachungulia, akauliza kama hiyo kesho ni kesho kweli.

"La gari silijui," nikamwambia. "Ila kibaraza ukirudi hutakikuta."