Siku Tatu Kamili

Alhamisi ya mwisho ya Machi 1974, saa kumi jioni, Hester Tranmer alipanga karatasi tisa mezani, moja kwa kila diwani. Alikuwa karani wa Halmashauri ya Mji wa Wrexcombe kwa miaka ishirini na tisa. Jumatatu halmashauri hiyo isingekuwepo. Serikali ilikuwa imeamua miji midogo imezwe na wilaya, na mali yote ambayo mji haukuwa umeigawa ingekwenda huko.

Hoja ilikuwa moja: bwawa la kuogelea likabidhiwe kwa wadhamini wa mji, ambao wangebaki kulitunza. Wakazi walilichimba wenyewe mwaka 1936. Hester alijifunza kuogelea humo, meno yakigongana kwa baridi. Kila Aprili madiwani walikunja suruali na kulisugua kwa mifagio, huku wakibishana juu ya taa za barabarani. Hakuna sheria iliyowataka wafanye hivyo.

"Tumalize upesi, Bi Tranmer," alisema mwenyekiti, Cyril Boddy, muuza nyama. "Wilaya hawalitaki bwawa. Wanakitaka kiwanja chake."

Hester alifungua faili ili anakili tarehe ya tangazo. Sheria ilitaka tangazo la mkutano libandikwe siku tatu kamili kabla. Siku ya kubandika haihesabiwi, wala ya mkutano. Miaka yote walikutana Ijumaa, naye akabandika Jumatatu. Safari hii mkutano ulisogezwa Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa ukumbi ulitakiwa kwa dansi ya kuagana. Mkono wake ulifuata mazoea, akabandika Jumatatu ileile. Jumanne, Jumatano. Alihesabu tena. Mbili.

"Mwenyekiti, tangazo limepungua siku moja. Kosa ni langu. Uamuzi wa leo hautasimama."

Boddy alimtazama, kisha akacheka bila furaha. "Miaka ishirini na tisa unatukomalia na vifungu, leo kimoja kimekung'ata mwenyewe!"

"Basi ubandike lingine," alisema Mabel Ings, mwalimu mstaafu.

"Nikibandika sasa hivi, tutakutana Jumatatu. Jumatatu hatupo."

"Hester, mwenzangu, nani atajua?" alisema Mabel.

"Tarehe imo kwenye faili."

"Na faili unalo wewe."

"Ndiyo maana."

Walipiga kura hata hivyo. Mikono tisa ilinyanyuka, hata ya Ridout, ambaye hakuwahi kukubaliana na mtu tangu vita viishe. Hester aliandika kura hizo, na chini yake akaandika tarehe ya tangazo na upungufu wa siku moja.

Boddy alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Hester. Kumbukumbu husainiwa katika mkutano unaofuata, na huo haungekuwepo. Hakuna diwani ambaye angezikagua.

"Mstari huu ungeweza kuuacha, bibi wewe."

"Ningeweza."

Mwenyekiti alichukua kofia yake. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya chini, "Kesho uje kwenye dansi." Hester alikwenda, akacheza mara mbili.

Mwezi wa Mei mwanasheria wa wilaya aliusoma mstari ule. Mwezi wa Julai bwawa lilifukiwa.

Wazee wa Wrexcombe wakisimulia habari hizo husema wilaya iliwanyang'anya bwawa. Hester huwasikiliza mpaka mwisho, maana anapenda kusikia jinsi maji yalivyokuwa baridi. Kisha huwasahihisha: lilikuwa kosa la karani, na lilifanyika Jumatatu, tarehe ishirini na tano.