Udongo Bila Minazi

Nazi tatu zilifika London ndani ya sanduku la Placida, zimefungwa kwa leso ya mama yangu. Placida ni muuguzi mwenzangu, na alikuwa ametoka likizo Malindi. Aliponikabidhi pale kituo cha Thornton Heath alicheka.

"Dinah, maduka ya hapa yamejaa nazi hadi mlangoni. Mama yako adhani Waingereza hawazijui?"

Sikucheka. Nazi za dukani zisingefaa. Hizi zilitoka Kwa Mwaringa, shamba lenye jina la babu yake mama, na zilikuwa zinakwenda kwa mwenye udongo wa shamba hilo, Bi Sheikha, anayekaa Ilford, upande mwingine wa London.

Kwetu pwani mtu aweza kuwa na mnazi asiwe na udongo uliouotesha. Mwaringa alipanda minazi yake kabla ya Mzungu yeyote kukanyaga pale. Kisha serikali ya kikoloni ikataka kuwauzia walowezi ardhi ya mkoa, ikatangaza kwamba kila mwenye chake afike ofisini na mashahidi. Kisichodaiwa kingekuwa chake, nayo ingekiuza. Tangazo lilisomwa mjini. Mwaringa hakulisikia. Babu yake Bi Sheikha alilisikia, akadai shamba lake pamoja na lililopakana nalo, akapewa hati yenye nambari. Jina la Mwaringa halikuandikwa popote.

Ardhi ya ng'ambo ya barabara ofisi ya mkoa ilimuuzia mlowezi wa mkonge, na waliokuwa wakiishi huko wakahamishwa kama mbuzi. Babu yake Bi Sheikha, nimpe haki yake, hakumhamisha mtu. Alikwenda kwa Mwaringa wakapatana: udongo wangu, minazi na nyumba zenu. Kila mwaka baada ya mavuno makubwa utaniletea nazi, nitavunja moja mbele yako, nitakunywa maji yake, na mwaka huo hakuna atakayemgusa mwenzake. Ukoloni ukapita, uhuru ukaja, nazi zikaendelea kwenda. Bi Sheikha alipohamia Uingereza, binamu yake alizipokea kwa niaba yake, mpaka binamu huyo alipofariki na nazi zikakosa wa kuzipokea.

Sasa chifu alikuwa amepita kijijini na karatasi kutoka ofisi ya mkoa. Shamba linauzwa, alisoma, nalo ni tupu. Waliomo waondoke kabla ya mvua. Tupu! Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake akisomewa kwamba hayupo.

Ndiyo maana nilipanda treni Jumamosi ile, leso mapajani, nikiyanoa maneno yangu njia nzima. Karatasi ya chifu ilikuwa na tarehe ya mauzo, nami nilijua jioni hiyo Bi Sheikha angetia sahihi.

Mlango wa Bi Sheikha ulifunguliwa na mwanamume mwenye mvi na sweta ya kijivu. "Karibu, karibu. Mimi Hemant, wakili wa Bi Sheikha. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Dinah, bintiye Kadzo wa Kwa Mwaringa."

Tabasamu lake lilipungua. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye leso.

Bi Sheikha alikuwa jikoni, mwembamba, mtandio begani, goti moja limefungwa bendeji.

"Shikamoo, Bi Sheikha."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia mlangoni. Kumbe Kadzo ana binti mrefu hivi! Na hicho umebeba nini?"

Nilifungua leso juu ya meza, kando ya bahasha ya wakili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa aibu. Uso wake ukachanua.

"Nazi za ada! Hemant, waziona? Miaka sijaletewa. Nilidhani Kadzo amenisahau."

Maneno niliyoyanoa yaliniishia kinywani. "Utazipokea?"

"Nisizipokee kwa nini? Zina sumu?"

"Kwa sababu ukizipokea, huwezi kutufukuza."

"Nani awafukuza?"

"Wewe! Chifu amekuja na karatasi. Unauza shamba."

"Nauza udongo," alisema, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Udongo ni wangu. Minazi ni yenu, nyumba ni zenu. Atakayenunua atakuwa mwenye udongo badala yangu, na nazi mtampelekea yeye. Babu yangu aliwahi kuuza kipande cha kaskazini hivyo hivyo, na hakuna aliyegusa hata ufagio wa mtu."

Nilimtazama. Hakuwa akinidanganya. Niligeuka kumtazama wakili, na wakili alikuwa akikitazama kikombe chake.

"Bwana Hemant," nikasema, "karatasi yako inasema hivyo?"

"Dada, haya mambo ni marefu."

"Yafupishe."

"Dinah, adabu," Bi Sheikha alinikemea, lakini naye alikuwa amemgeukia. "Hebu mfafanulie, aondoke na moyo mweupe."

Hemant alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Bi Sheikha, sheria ya hati haijui mnazi peke yake. Anayenunua ardhi amenunua kilichomo na kilicho juu yake. Mnunuzi anataka kujenga hoteli. Nimeandika kwamba shamba ni tupu kwa sababu ndivyo alivyotaka, na ofisi ya mkoa ilikubali."

"Na watu?"

"Kwenye karatasi hakuna watu."

"Uliponisomea neno hilo, tupu, nilikuuliza maana yake. Ukasema halina deni."

"Lina maana hiyo pia." Sauti yake ilikuwa chini. "Wewe ulitaka kuuza, mama. Nami sikutaka kukukatisha."

Bi Sheikha alivuta kiti akakaa. Birika lilikuwa likichemka; Hemant akainuka kulizima, akarudi kitini.

"Marehemu mume wangu," alianza, akinieleza mimi, "alikuwa na shamba la karafuu Unguja. Mwaka wa Mapinduzi aliambiwa si lake tena. Akatoka na shati alilovaa. Kiti hicho alichokikalia Hemant ndicho alichokalia yeye miaka yote, akingoja arudishiwe. Tumemzika hapa, kwenye baridi. Nami nikaapa changu nitakiuza mwenyewe, kabla hajaja mtu kuniambia si changu. Nijenge chumba Malindi, nife nikisikia adhana."

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. "Na waliokuwa wakiishi chini ya mikarafuu yake, wao waliandikwa wapi?"

"Alikuwa akisema ni watu wake," alijibu. "Walipokuja siku ile, ndipo alipogundua kwamba hakuyajua majina yao."

Akamgeukia wakili. "Andika upya. Udongo tu. Minazi ya Kadzo na wenzake, na nyumba zao, mbali."

"Hatanunua."

"Mpigie."

Hemant alitoka na simu hadi ukumbini. Tulimsikia akieleza kwa Kiingereza, akisita, akieleza tena. Hakukawia. Aliporudi alitikisa kichwa. "Anasema anataka shamba, hataki wapangaji. Bi Sheikha, fikiri. Goti lako hilo halitangoja mnunuzi mwingine. Na hawa, siku moja ofisi ya mkoa itawatoa kwa njia nyingine, usione. Utakuwa umekosa wewe, na wao wamekosa."

"Labda," alisema. "Lakini sitakuwa mimi niliyesema hawapo."

Aliisukuma bahasha mpaka upande wake Hemant. Kisha akaniamuru nivute kitu chini ya kabati, nyuma ya ndoo. Kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, mti wake umesuguka kwa kukaliwa, meno yake yameshika kutu kidogo.

"Kisu, Hemant. Usikae kama mgeni."

Bi Sheikha aliipiga nazi ya kwanza kwa mgongo wa kisu, akiizungusha mkononi, mpaka ikapasuka. Maji aliyakinga kwa kikombe, akayanywa yote, macho ameyafumba. Nilikuwa nimesimama mbele yake mahali pa Mwaringa, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mama hakuniruhusu kununua za dukani.

"Mwambie Kadzo nimepokea. Mwaka huu hakuna atakayegusa mtu kwa jina langu."

"Na mwakani?"

"Mwakani mlete tena. Nikiwa hai."

Hemant alikuwa ameshika bahasha kifuani na hakuondoka. Bi Sheikha alikikalia kibao cha mbuzi, goti bovu kalinyoosha pembeni, akaanza kukuna. Nazi nyeupe iliyokunwa ilianguka sahanini, na jiko lile la Ilford likanukia nyumbani. Alikuna nusu ya kwanza, akakuna ya pili. Kisha mikono ikasimama. Alitazama sahani kwa muda mrefu, na nilijua ni chumba cha Malindi alichokuwa akikitazama.

"Njooni mniinue," alisema hatimaye, bila kutuangalia. "Nimekaa chini, na peke yangu sitaweza kusimama."

Hemant aliweka bahasha mezani. Alimshika mkono mmoja, nami nikamshika wa pili.