Jina Nisilomfundisha Baba

Watu wa Ruponda wana uongo wao mmoja, nami nimeuchoka. Wanasema baba yangu, Mzee Mbwana, alikuwa punguani. Punguani ni wao! Baba alikijua kila kitu mpaka siku anaingia kaburini. Alichopungukiwa ni maneno ya kuviitia vitu hivyo, na hayo nayo hayakumtoka kwa mpigo mmoja. Yalimtoka kidogo kidogo, kama ufuta kwenye gunia bovu, na kila lililodondoka lilimkuta mtu pale chini anacheka.

Nilikuwa mdogo yalipoanza. Siku hizo yalikuwa majina ya watu tu, tena watu wa mbali. Anasimulia habari za Nanganga alikozaliwa, akifika kwenye jina la mtu anasimama. "Nanihii… lipo hapa hapa, kwenye ncha ya ulimi." Mama yangu, Mwanaima, anamtajia, hadithi inaendelea. Mama alipofariki hakukuwa na wa kumtajia tena, na baba uzee ukamkaza. Tukahama kwenye watu, tukaingia kwenye vitu. Jembe likawa "kile cha kulimia." Kinu kikawa "kile cha kutwangia." Lakini mpe hicho cha kulimia uone! Alilima matuta yaliyonyooka kuliko ya vijana, na mpaka wa shamba alikuonyesha mti kwa mti. Sasa nani anauliza hayo? Watu walipenda kumuuliza majina.

Aliyependa zaidi ni Isihaka, mdogo wake baba, tumbo moja. Huyo alikuwa na roho mbaya, nasema wazi, na kama ananisikia huko aliko na anisikie. Wanaume wakikaa barazani kwetu na kahawa yao, Isihaka hunyanyua kitu chochote, kikombe, kiatu cha mtu, kipande cha muhogo. "Kaka, hii nini?" Baba anahangaika, jasho linamtoka, wenzake wanajishika mbavu. Akishindwa, Isihaka anamtajia polepole, na baba anasema, "Ahaa. Nimekosea, samahani." Kila mara samahani. Ikafika mahali hata akiwa na haki, mtu akimkatalia tu, baba anajiona yeye ndiye mkosa.

Basi nikachumbiwa. Wakati ule Nachingwea nzima ilinguruma kwa matrekta ya Mpango wa Karanga, Wazungu wakifyeka pori walime karanga, na Amiri, kijana wa Marambo, alikuwa kwenye kazi hiyo, akifunga ile minyororo mikubwa ya kung'olea miti. Nilimpenda, wala sioni haya kusema. Baba naye alimpenda. Posa ikaja, baba akaitikia, siku ikapangwa.

Isihaka akanuna. Yeye alikwishanitoa kwa midomo yake kwa rafiki yake Bwana Sabaha, mwenye duka la chumvi na kaniki Ruponda, mzee wa meno machache mwenye wake wawili tayari. Lakini kwetu Waislamu anayeoza binti ni baba yake. Labda baba awe hana akili timamu, hapo haki inakwenda kwa ndugu yake wa kiume. Isihaka alilijua hilo kuliko alivyojua kuswali.

Tungeweza kumwachia Mwalimu Abdalah wa msikitini aseme kwa niaba ya baba. Wengi hufanya hivyo. Nikampelekea baba wazo, na Isihaka akadakia kabla baba hajafungua kinywa.

"Kwa nini? Kaka yangu ni mzima, aoze kwa mdomo wake mwenyewe. Au mwanangu, unataka kusema si mzima?"

Ametunasa. Ningesema si mzima, ningekuwa nimempa yeye kila kitu.

"Ni… mimi mzima," baba alisema. "Nitasema mwenyewe, mama."

Baba aliniita mama. Nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwetu mtu hamtaji mama yake hivi hivi kama anaita kuku. Tangu nazaliwa hakuwahi kuniita vingine. Neno hilo halikumpotea hata siku moja, hata siku zile alizoshindwa kusema maji.

Nikaanza kumfundisha. Nikipeta mtama, yeye pembeni. "Sema, baba: Amiri bin Salumu, nimekuoza binti yangu kwa mahari tuliyokubaliana." Mwanzoni Amiri alikuwa "yule wa minyororo." Nikamshindilia. "Mkwe wako nani?" "Amiri." "Nani?" "Mkwe wangu Amiri!" Akawa anakwenda nalo shamba, anapalilia huku analisema, anarudi nalo. Siku moja mbuzi alipita akamwambia, "Mkwe wangu Amiri," tukacheka wote wawili mpaka machozi. Nikajua tumeshinda.

Jina langu mimi sikumfundisha. Jamani, nani anamfundisha baba yake jina la mwanawe?

Siku ya ndoa wanaume walikaa mkekani, sisi wanawake ndani, mimi nimefunikwa lakini nachungulia kwenye ufa wa ukuta. Mwalimu Abdalah akasoma hotuba. Amiri amevaa kanzu ya kuazima, imembana mabega. Baba akamshika mkono.

"Amiri bin Salumu," baba akasema, sauti imetulia, "nimekuoza binti yangu…"

Loo, nilitaka kupiga vigelegele pale pale! Lakini Mwalimu akasema taratibu, "Mtaje binti, mzee."

"Mama," baba akasema.

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwalimu akatabasamu. "Jina lake, mzee."

Nikaona mabega ya baba yanashuka. "Huyu… aliyezaliwa mwaka wa nzige. Mwenye kovu hapa, la moto. Anayenipikia uji, anatia ndimu. Ninaye mmoja tu, Mwalimu, sina mwingine. Nyote mnamjua!"

"Tunamjua," mzee mmoja wa Marambo akaitikia. "Inatosha, Mwalimu. Malizia."

Na Mwalimu alikuwa anamalizia, Wallahi alikuwa anamalizia! Isihaka akasimama. Akamvua baba kofia kichwani, mbele ya watu wote, akainyanyua juu.

"Kaka, hii nini?"

Baba akaitazama. Kichwa chake kitupu kilikuwa kinameta kwa jasho. "Ya… ya kichwani."

"Inaitwaje?"

"Ya kuswalia. Nipe, Isihaka."

"Nitakupa. Kwanza mtaje binti yako. Jina lake nani? Sema! Watu wana njaa."

Mimi kule ndani nilikuwa nasema Ashura, Ashura, Ashura, kwa midomo bila sauti, kana kwamba ukuta ungempelekea. Baba akafumba macho. Akakusanya nguvu zake zote, akatoa jina kwa sauti kubwa, kwa furaha ya mtu aliyeokota alichopoteza.

"Mwanaima!"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. "Anamwoza mkewe!" mmoja akapiga kelele. "Marehemu!" Watu wakalaliana. Baba naye akacheka, maskini, alidhani wanafurahi naye, mpaka alipouona uso wa Amiri.

"Mwalimu," Isihaka akasema kicheko kilipopungua, "umejionea. Mtu asiyejua kofia yake wala mwanawe, huyo ni wa kuoza? Mimi ndiye walii wa kumwoza sasa. Na mimi kwa Amiri sijakubali."

Mwalimu Abdalah akatazama chini, akatazama sufuria za wali, akasema sheria ni sheria. Amiri aliondoka na watu wake bila kula. Hakuniangalia wala hakupigana. Baadaye nikasikia kazi ya Karanga imemwishia naye kaenda Mtwara. Isihaka aliwaambia wageni waliobaki wajilie wali, wametoka mbali.

Ufuta haujavunwa, nikaozwa kwa Sabaha. Mwalimu alikuja mlangoni kuniuliza kama nimeridhia, akajibiwa kimya, akasema kimya cha mwanamwali ni ridhaa. Hakuona kwamba mkono wa Zuena, mke wa Isihaka, ulikuwa umeniziba mdomo. Baba maneno yalimkimbia. Mimi nilikuwa nayo yote, yameishia kwenye kiganja cha mtu.

Baba alianza kuja Ruponda kunitazama, kwa miguu kutoka kijijini kwetu, na kifurushi cha karanga. Alijua vizuri nimeolewa na nani, alilia kwa hilo. Lakini mara ya kwanza alipoingia dukani, wateja wamejaa, alitaka kuamkia kwa heshima, na neno mkwe likatoka na mwenzake niliyemfunga naye.

"Hujambo, mkwe wangu Amiri?"

Wateja walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Sabaha naye alicheka. Walipoondoka akafunga duka, akaja kunipiga kwa mkanda, huku ananiuliza ni nani aliyemfundisha mzee jina hilo. Nikamwambia ni mimi. Sikumdanganya.

Mara ya pili baba akasema vile vile, nami nikapigwa vile vile. Nilijaribu kumfundisha upya. Nikamketisha uani. "Sema Sabaha, baba." "Sabaha." "Mkwe wako nani?" Akanitazama kwa huruma, akajua anakosea kabla hajakosea. "Amiri," akasema. "Samahani, mama."

Mara ya tatu ilikuwa adhuhuri, mlango umefungwa kwa jua. Nikasikia fimbo yake barazani, kisha sauti.

"Hodi! Mkwe wangu Amiri! Nifungulie, nimemletea mama karanga."

Sabaha akaamka kitandani, akachukua bakora. "Nikitoka mimi namvunja. Mzee au si mzee. Nenda kamjibu. Mwambie hapa hakuna Amiri. Na usifungue."

Nilimjua, angemvunja kweli. Nikaenda mpaka mlangoni. Nikaweka paji la uso kwenye mbao, yeye yuko upande wa pili, namsikia anavyohema kwa mwendo.

"Hapa hakuna Amiri," nikasema.

Nilidhani ataijua sauti yangu. Niliomba aijue, na niliomba asiijue.

"Hakuna?"

"Hakuna mtu wa jina hilo. Nenda."

Baba yangu alikwishazoea kuambiwa kakosea, akaamini na hilo.

"Samahani, bibi," akasema. "Nimekosea nyumba."

Bibi! Mimi! Nikasikia fimbo yake inashuka kizingiti. Siku ile alizunguka Ruponda mpaka alasiri, kifurushi mkononi, akiulizia nyumba ya Amiri. Kila aliyeulizwa alimwambia kweli, kwamba mtu huyo hapa hayupo. Hakuja tena.